Fundi Yotamu Afundisha Kudondosha Rangi

Jumapili, 6 Juni 1976

Mlandege, Iringa. Baridi ya kukata masikio. Nimeanza daftari jipya. Lile la zamani limejaa mipango iliyoharibika, sitaki kulitazama.

Leo nimekwenda tena kwa Mama Helena. Ziara ya saba. Ni mjane, jina lake Leokadia. Mumewe Maganga alifariki mwaka juzi, akamwachia nyumba, shamba la mahindi na watoto watatu. Nia yangu anaijua na hajaifukuza. Alichosema ni kwamba hataolewa na mtu ambaye wanawe hawamtaki. Nikawakinaishe wao kwanza, halafu nirudi kwake.

Hao watatu ndio mlima. Regina, miaka mitano, ananiita Babu. Nina miaka thelathini na tisa. Crispin, miaka minane, anampenda Sedekia, dereva wa lori la mahindi, ambaye naye anamtaka Mama Helena. Sedekia huwapandisha watoto mpaka darajani Ipogolo na kuwarudisha wakiimba. Mimi nina baiskeli. Kinachoniuma zaidi ni kwamba maandishi yaliyo ubavuni mwa lori hilo, POLEPOLE NITAFIKA, niliyaandika mimi kwa mkono wangu. Herufi safi kabisa.

Wa tatu ni Helena, miaka kumi na mmoja. Ziara sita zote hakunisemesha hata neno.

Basi leo, baada ya chai, nikajisikia nikiwaambia kwamba mimi si mwandika vibao tu. Mimi ni mchoraji kamili. Helena akainua kichwa. Akauliza kama naweza kumchora mtu nisiyewahi kumwona, yeye akinieleza alivyo. Nikasema hiyo ni kazi ndogo. Akasema anataka picha ya baba yake. Ilikuwepo moja tu, mchwa wakaila ndani ya sanduku. Akauliza itakuwa tayari lini. Nikasema Jumapili ijayo.

Akasema, "Asante, Fundi."

Nimerudi nyumbani mwepesi kama pamba. Nilipofika mlangoni nikakumbuka kwamba sijui kuchora.

Jumatatu, 7 Juni

Nimejaribu. Alinieleza vizuri: mrefu, uso mwembamba, pengo la jino mbele, jicho moja hufumbika kidogo anapocheka.

Uso wa kwanza umetoka kama mtungi. Wa pili kama kiazi kilichovaa kofia. Pua ndiyo inayonishinda. Herufi haina pua. Mpe Yotamu neno KINYOZI au HOTELI, atakuandikia kwa mstari ulionyooka kuliko reli ya Mbeya. Lakini pua haina mstari, iko katikati ya mambo tu.

Mama Matilda, mwenye nyumba wangu, alipita na ndoo akauliza mbuzi huyo ni wa nani. Nikamwambia ni mtu. Akasema pole, bila kusema anampa pole nani.

Jumanne, 8 Juni

Nimeokoka.

Nilikwenda chumba cha kusomea cha misheni kutafuta kitabu cha kufundisha nyuso. Hakuna. Chini ya rundo la magazeti nikakuta gazeti la picha la Kiingereza, kuukuu, limeliwa pembe. Ndani yake kuna Mmarekani mmoja aliyetandaza turubai sakafuni, kubwa kama ua wa nyumba. Ameinama juu yake na kopo na kijiti, anadondosha rangi. Hachori kitu! Anamwaga, anatembea, anamwaga tena. Jina lake limechanika pamoja na pembe ya ukurasa, lakini maelezo yaliyobaki nimeyasoma mara nne kwa Kiingereza changu cha darasa la saba. Picha zake zimetundikwa kwenye nyumba kubwa za New York na watu wanasimama mbele yake kimya.

Hazina nyuso. Hakuna pua hata moja.

Mpango ni huu. Jumapili sitapeleka picha ya marehemu. Nitapeleka elimu. Nitawafundisha watoto uchoraji huu mpya, nitawaeleza kwamba siku hizi duniani nyuso zimeachwa. Crispin atasahau lori. Regina ataacha kuniita Babu. Helena atafurahi mpaka asahau kuniuliza.

Sijaona tundu hata moja katika mpango huu.

Alhamisi, 10 Juni

Mazoezi chumbani. Rangi zangu za mabaki: nyekundu ya kibao cha bucha, bluu ya zahanati, njano ya kinyozi, nyeupe na nyeusi. Ni rangi za mafuta, nzito, zinaanguka kwa madonge. Nimezipunguza uzito kwa mafuta ya taa. Hapo zinashuka vizuri, uzi mwembamba kama wa asali.

Nimegundua mambo. Ukitembea haraka uzi unakuwa mwembamba. Ukisimama unakuwa dimbwi. Ukiinua kijiti juu, rangi inajikunjakunja yenyewe kabla ya kufika chini. Nilianza kwa ajili ya hila, nikajikuta jua limetua na mimi bado nazunguka gunia.

Mama Matilda ameuliza kwa nini ukuta wake una bluu. Nimemwambia ni New York. Amesema New York niifute kabla ya Jumamosi.

Jumapili, 13 Juni

Somo la kwanza, uani kwa Mama Helena. Nilitandaza magunia manne niliyoyashona pamoja. Nikawavalisha watoto mashati yangu makuukuu, yakawafika miguuni. Nikawaonyesha.

Crispin aliuliza anachora nini. Nikamwambia hachori kitu, anafuata mkono wake. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kuanzia leo hakuna shule milele. Akachovya kijiti, akatupa. Mstari mwekundu ukaruka gunia zima. Akaucheka, akatupa mwingine. Baada ya hapo hakusimama tena.

Regina nilimtobolea kopo tundu dogo chini. Akalibeba kwa mikono miwili kama anayebeba uji wa moto, akatembea taratibu kabisa kuzunguka magunia, njano ikimfuata nyuma. Alipomaliza mzunguko akageuka, akaona njia aliyopita. Akasema, "Huyo mimi."

Mama Helena alikuwa akianika mahindi kwenye mkeka, akaacha, akaja kusimama karibu yangu. Alisimama karibu yangu tu. Sitaandika zaidi.

Helena hakushika kijiti. Alisimama mlangoni, amekunja mikono. Mwishoni akaja na kuuliza picha ya baba iko wapi. Nikamweleza kwamba duniani siku hizi nyuso zimeachwa.

"Nani kaziacha?"

Nikasema watu wakubwa, Marekani.

"Hao wanazo picha za baba zao," akasema, akaingia ndani.

Tundu la mpango nimeliona.

Jumatatu, 14 Juni

Sikulala vizuri. Lakini wawili kati ya watatu si haba. Nimeamua somo la pili liwe kubwa zaidi, kubwa kiasi kwamba hata Helena hataweza kukunja mikono. Nitaning'iniza kopo kwa kamba kwenye boriti ya upenu wa jiko. Mtoto akilisukuma litabembea lenyewe na kuchora duara juu ya duara. Hilo halipo hata kwenye gazeti. Nimelibuni mimi, Yotamu.

Jumatano, 16 Juni

Naandika kwa haraka nisije nikaanza kulia.

Shule zimefungwa, watoto wote wapo. Kopo likafungwa. Lilibembea kwa uzuri ambao siwezi kuueleza. Duara nyekundu zikapandana, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia. Hata Helena alisogea hatua mbili. Nilizihesabu.

Hapo Sedekia akaingia uani na mkungu wa ndizi za Tukuyu. Tukuyu ni kwetu! Mtu analeta ndizi za kwetu mbele yangu. Crispin akataka kumwonyesha, akalisukuma kopo kwa nguvu zake zote. Fundo langu likafunguka. Kopo likaruka juu ya vichwa vyetu, likatua katikati ya mkeka wa mahindi.

Rangi ya bucha. Mafuta ya taa ndani yake.

Kuku mmoja akakatiza, akaacha nyayo nyekundu mpaka barabarani. Sedekia hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kucheka. Aliinama akaanza kumsaidia Mama Helena kutenga mahindi yaliyoharibika. Vikapu viwili vikatupwa. Ni chakula cha watoto hawa cha karibu mwezi mzima, na sikuwa na la kusema isipokuwa kwamba bluu ingeonekana zaidi.

Nilisema hivyo kweli. Sijui kwa nini.

Mama Helena akanyooka, akajipangusa mikono kwenye kitenge. Akasema kwa upole, "Fundi, nenda nyumbani."

Alhamisi, 17 Juni

Nimemwandikia barua. Nimeeleza kwamba upepo wa Iringa mwezi wa Juni ni mkali mno, kwamba wataalamu wamelisema hilo, na kwamba hakuna fundo linaloweza kuuzuia. Ukurasa mmoja na nusu, herufi nzuri. Nikaipeleka mwenyewe, nikamkuta Regina langoni, nikampa.

Akarudi mbio na jibu nyuma ya karatasi ile ile: "Upepo haujui kufunga kamba. Njoo Jumamosi upukuchue mahindi."

Nimelisoma mara nyingi. "Njoo" ni neno zuri.

Jumamosi, 19 Juni

Nilifika asubuhi na nusu gunia la mahindi yangu mwenyewe. Mama Helena akalipokea, akaliweka ndani, akanionyesha kigoda. Mbele yangu mlima wa mahindi. Akaenda sokoni na wadogo.

Nilipukuchua peke yangu kwa saa nzima. Vidole vyangu vimezoea brashi, vikachubuka. Halafu Helena akaja na kigoda chake, akakaa upande wa pili wa ungo. Akachukua hindi, akaling'oa mstari mmoja wa punje kwa kidole gumba, mingine ikafuata yenyewe. Akanionyesha mara mbili bila kusema. Mimi nikawa naharibu tu.

Nilikuwa na mpango. Ningemwambia picha iko tayari ila bado haijakauka. Nimeufikiria njia nzima, ulikuwa mpango mzuri. Nikafungua kinywa.

"Hujui kuchora watu," akasema Helena.

Nikamuuliza alijua lini.

"Siku ile mwezi uliopita, ulipomchorea Regina ng'ombe. Alilia usiku."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani labda watu ni rahisi kuliko ng'ombe."

Nikaweka hindi chini. Nikamwambia ni kweli, sijui. Nilijaribu uso wa baba yake mara sita, nikazichoma zote kwa sababu niliona aibu kwa ajili yake, si kwa ajili yangu tu. Nikamwambia nilitaka anipende kwanza ndipo agundue. Sijawahi kumwambia mtu mambo hayo, na huyu ni mtoto wa darasa la tano.

Tulipukuchua. Kisha akasema jambo moja, kwa sauti ndogo, akiitazama mikono yake. Alisema kwamba hata yeye sasa anasahau. Pengo la jino, hana hakika tena kama lilikuwa kulia au kushoto. Alidhani nikichora atakumbuka.

Nilimwambia kitu ninachojua ni herufi tu.

Akafikiri kidogo. Akauliza kama naweza kuandika jina la baba yake.

Jumapili, 20 Juni

Nimepeleka ubao wa mninga, urefu wa mkono wangu. Nimeuchonga, nimeupiga msasa, nimeupaka nyeupe. Juu yake MAGANGA, herufi nyeusi. Sijawahi kuandika vizuri hivyo. G ile ingeweza kutundikwa mjini kama mfano.

Helena aliutazama muda mrefu. Akapitisha kidole hewani juu ya kila herufi bila kuigusa. Kisha akaulaza chini uani, akaniomba makopo.

Nilijua anataka kufanya nini. Kila mshipa wangu ulitaka kuuondoa ubao ule chini. Nilikaa juu ya mikono yangu.

Alianza na njano aliyoichanganya na nyeusi kidogo, ikawa rangi ya vumbi la Usangu, wanakofuga ndugu wa baba yake. Alitembea pole, akaacha uzi ukipita juu ya M, chini ya A. Kisha nyeupe, matone, kama maziwa yanayomwagika kutoka kwenye kibuyu. Kisha nyekundu kidogo mno, ncha ya kijiti tu. Alikuwa akisemasema chini chini. Nilisikia "alipenda" na "asubuhi" na "fimbo." Crispin akataka kusaidia, akamkatalia. Nami nikataka kumwambia apunguze nyekundu, nikajiziba mdomo kwa kiganja, nikapata rangi masharubuni.

Alipomaliza herufi zangu zilikuwa bado zinasomeka, lakini ilibidi uzitafute, kama mtu anayekuja kutoka mbali.

Mama Helena alitoka jikoni, akaona, akarudi ndani. Alikaa huko kidogo. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akanipa kitambaa nifute masharubu. Sikumwambia kwamba huo haukuwa mpango. Labda anajua.

Jumamosi, 26 Juni

Siku ya hukumu. Budeba, kaka mkubwa wa marehemu, amekuja kutoka Usangu kumtazama mtu atakayekaa na watoto wa ndugu yake. Alishuka kwenye lori la Sedekia, akimsifu kwa mwendo wake. Nikaona mambo yameisha.

Ni mzee mrefu, mwembamba, fimbo mkononi, mfugaji. Hakunisalimu sana. Alinitazama viatu. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba kuhusu kilimo cha kisasa na hoja kumi na mbili. Alipokaribishwa ndani akauona ubao ukutani, akasimama.

Alisimama kimya kama wale watu wa New York.

Akauliza ng'ombe huyo ni wa nani. Nikakaribia kusema ni wangu, nikanyamaza. Helena akasema si ng'ombe, Baba Mkubwa. Mzee akasema yeye hakosei rangi ya ng'ombe. Hii ya vumbi, na mabaka meupe yanayokimbizana, na hiki chekundu kidogo shingoni. Ni yule jike wa marehemu babu wa watoto hawa, aliyekataa kukamuliwa na mtu mwingine yeyote isipokuwa Maganga.

"Alikuwa mdogo kama huyu," akasema, akimwonyesha Crispin. "Anaimba, ndipo ng'ombe anasimama. Siku moja akampiga teke hapa." Akagusa mdomo wake, upande wa kushoto. "Jino likaenda. Hakulia. Alirudi akamwomba ng'ombe radhi."

Helena alikuwa amesogea mpaka kwenye goti lake. Akauliza wimbo ulikuwa upi. Mzee akauimba, vibaya, kwa Kisukuma, lugha ya kwao, na watoto watatu wakakaa chini. Aliendelea kueleza mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyenikumbuka mimi wala hotuba yangu.

Budeba hajui kusoma. Mwishoni aliuliza ile mistari myeusi ndani ni nini. Helena akamsomea jina. Mzee akavua kofia.

Baadaye, tukiwa uani, akawauliza watoto mbele yangu kama wananitaka. Regina akasema ndiyo, Babu abaki. Crispin akasema ndiyo, kama Sedekia bado ataruhusiwa kuja na lori. Sedekia, aliyekuwa langoni, akasema atakuja, na akaniomba nimpake upya herufi za ubavuni, mvua imezifuta. Ni mtu mwema. Inaudhi.

Helena alifikiri.

"Hajui kupukuchua," akasema. "Lakini alimaliza."

Mama Helena akanitazama na kucheka. Budeba akanipa mkono.

Jumatano, 30 Juni

Harusi ni Jumamosi tarehe 31 Julai. Nimeahidi mbele ya nafsi yangu kuishi maisha ya ukweli mtupu.

Leo tulikwenda na Mama Helena na Helena kuonana na Katekista Bartolomeo kupanga ibada. Yote yalikwenda vizuri. Mimi Mmoravian, wao Wakatoliki, lakini alikuwa mpole. Kisha akasikitika kwamba siku hiyo hakutakuwa na muziki, maana mpiga kinanda wa parokia amehamia Mbeya na hakuna mwingine anayejua. Mama Helena akasema si kitu. Lakini nilimwona usoni. Alikuwa amekitamani kinanda.

Nikasikia mtu akisema kwamba yeye anaweza kukipiga, alijifunza kwao Tukuyu. Nikageuka kumtazama mtu huyo. Alikuwa mimi.

Katekista akafurahi mno. Mama Helena akanishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akauliza bibi arusi ataingiaje kanisani peke yake kama bwana arusi yuko kwenye kinanda. Nikasema nimeshalifikiria hilo. Sijalifikiria.

Njia nzima Helena alitembea kando yangu akinitazama kwa chini. Tulipofika Mlandege akaniuliza taratibu, mama yake asisikie, kama nimewahi kukigusa kinanda.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilikiona leo kwa makini kupitia mlango ulio wazi. Ni sanduku tu, lina vitu vya kukanyaga viwili, na mimi nina miguu miwili. Siku thelathini na moja zinatosha kabisa.